Medali ya wa Kwanza, Kombe la wa Nne

Medali ya wa kwanza, kombe la wa nne. Mmemsikia Mwalimu Qwari akiisema leo kwenye mahafali yenu, mkapiga makofi bila kuielewa, na sasa mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Mmefanya vyema kuja kwangu. Wengine wangewaambia ni ya wahenga. Wahenga gani? Ilizaliwa mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, nimevaa bukta, matope yamenijaa mpaka masikioni. Kaeni vizuri niwaeleze ilivyoanza.

Miaka hiyo palikuwa na kambi ya wanariadha huku kwetu Mbulu, juu karibu na msitu, na mwenye kambi alikuwa Kocha Margwe, askari magereza mstaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalitosha kukunyima usingizi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepeleka vijana kwenye mbio za nyika za kimataifa, zile za walio chini ya miaka ishirini, na hakuwahi kurudi na kombe hata mara moja. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwake, maana magoti yalikuwa yamemwishia. Tulijipanga mbele yake siku moja kabla ya safari tukamwahidi kwamba safari hii atalishika.

Lazima mjue jinsi kombe hilo linavyopatikana, la sivyo nitakuwa napiga domo bure. Mbio za nyika hukimbiwa kwenye majani, vilima na tope, si uwanjani. Kila nchi huleta vijana sita. Anayekata utepe hupewa medali yake shingoni, lakini kombe ni la timu, na timu huhesabiwa kwa nafasi za wanne wake wa mwanzo. Aliyekuwa wa kwanza ana pointi moja, aliyekuwa wa ishirini ana pointi ishirini, zinajumlishwa, na wenye pointi chache kuliko wote ndio mabingwa. Kwa hiyo yule wa nne wenu, hata kama mnamwona kama mzigo, nafasi yake inaingia kwenye hesabu sawasawa na zenu.

Kwa sababu hiyo kambini kulikuwa na sheria moja iliyoniudhi kuliko zote. Tukitoka mazoezini asubuhi, birika la chai linaletwa mezani, na hakuna anayemiminiwa mpaka wa nne afike. Mimi nilikuwa nafika wa kwanza kila siku. Naketi pale, jasho linanikaukia, nalitazama birika likipoa, namsubiri Yustino Ginwe.

Yustino alikuwa kijana wa Dongobesh, mfupi, miguu minene, hana haraka hata ya kula. Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Ukimweka nyuma ya mtu anayekimbia, akaviona visigino vyake, haachwi ng'o. Ukimwacha peke yake, anazubaa, mwendo unamfia bila mwenyewe kujua. Mimi nilimbatiza jina la Mkia. Hakukasirika. Alisema mkia ndio unaomfukuzia ng'ombe nzi, akaendelea kunywa chai yake iliyopoa, na hilo lilizidi kunikera.

Basi tukasafiri mpaka Ulaya, kwenye mji wenye baridi ya kukata masikio. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na njia yote ilikuwa tope zito. Asubuhi ya mbio kocha alituita. "Ni mizunguko minne," alisema. "Miwili ya kwanza mnakimbia pamoja, Yustino akiwa nyuma yenu. Baada ya hapo kila mtu atumie alichonacho. Tluway, umenisikia?" Tluway ni mimi. Nilimjibu kwamba nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia.

Bastola ikalia. Vijana zaidi ya mia moja tukatoka kwa pamoja, matope yakiruka, viwiko vikigongana, watu wakipiga kelele kwa lugha nisizozijua. Damu ilinichemka, wanangu. Tulipofika kilima cha kwanza niliwaona vijana wawili wa majirani zetu, siwataji jina, mnawajua, wamevaa fulana nyekundu na wanapanda kana kwamba kilima ni cha baba yao. Nikajisemea, hawa wakitangulia hapa hawashikiki. Mpango wa kocha ukanitoka kichwani, au tuseme kweli, niliutoa mwenyewe. Nikachomoka. Wenzangu wawili, Awe na Hhando, waliponiona naondoka wakanifuata, na Yustino akabaki nyuma hana kisigino cha kutazama.

Sitawadanganya, zile zilikuwa mbio tamu kuliko zote nilizokimbia maishani. Wale wekundu wawili walinipumulia kisogoni mizunguko mitatu mizima. Mzunguko wa mwisho nilipanda kile kilima kwa meno. Nilipofika juu niligeuka nikaona wameachwa hatua tano, kisha kumi. Nikashuka, nikaingia ule mnyoosho wa mwisho, watu wamejaa kandokando ya kamba, nikakata utepe mikono juu. Wa kwanza duniani kwa vijana wa rika langu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Nilimkimbilia kocha, aliyekuwa amesimama nje ya kamba na kipande cha karatasi mkononi. Nilitegemea anikumbatie.

"Kocha, nimeshinda."

"Nimeona. Hongera," alisema, macho yake yakiwa bado njiani. "Wa nne yuko wapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Yuko kule ulikomwacha."

Maneno hayo yalinipata pabaya kuliko kofi. Nikageuka na mimi nikaanza kutazama. Wekundu wawili walikuwa wameshaingia, wa pili na wa tatu. Awe akaingia wa tano. Hhando akaingia wa nane, na nyuma yake tu mwekundu mwingine, wa tisa. Kocha aliandika kwenye karatasi yake, akaninyooshea niisome. Sisi, moja na tano na nane, kumi na nne. Wao, mbili na tatu na tisa, kumi na nne.

"Tuko sawa," nilisema.

"Nchi nyingine zote ziko nyuma yetu. Sasa atakayetangulia kati ya wa nne wetu na wa nne wao ndiye mwenye kombe," alisema kocha. "Nina miaka kumi na minne nikilisubiri, Tluway. Na nilikuambia mizunguko miwili tu."

Wenzetu wengine wawili hawakuwa na msaada, mmoja alikuwa ameteguka mguu na mwingine kiatu chake kilibaki matopeni tangu kilima cha kwanza. Alikuwa amebaki Yustino peke yake. Na kumbe alikuwa ameshatokea kule mwanzo wa mnyoosho, mita mia tatu kutoka utepe, uso wote tope, mwendo wake ule wa mtu aliyesahau anakokwenda. Mbele yake kulikuwa na vijana wawili wa nchi nyingine, na mbele yao, hatua kama ishirini kutoka kwake, fulana nyekundu.

Mwamuzi mmoja alikuwa ananivuta nikapigwe picha. Nilimponyoka. Nikakimbia nje ya kamba kurudi nyuma, nawasukuma watazamaji, nakanyaga miguu ya watu, nikasimama pale ambapo Yustino angepita. Aliponiona akajaribu kutabasamu. Nadhani alitaka kunipongeza.

"Yustino, mwone mwekundu," nilimwambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Tazama visigino vyake. Yule ni mimi. Nipite leo."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa mara ya kwanza nilifikiri juu ya asubuhi zote alizofika wa nne akanikuta nimekunja uso mbele ya birika. Niliona kichwa cha Yustino kikiinama, macho yakashuka, yakakamata visigino vya yule kijana. Miguu ile minene ikaanza kwenda kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kambini.

Akampita wa kwanza wa wale wawili. Akampita wa pili. Zikabaki mita mia moja kufika utepe, na hatua kumi kati yake na mwekundu. Watu wakaanza kupiga kelele, maana mtu anayemfukuza mwenzake, kila mtu humpenda, hata asipomjua. Hatua sita. Yule mwekundu akasikia kelele, akageuka, akamwona, akaongeza mbio. Alikuwa kijana hodari, hakumwachia hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, na hofu niliyokuwa nayo sikuwa nimeihisi hata nilipokuwa nakimbia mwenyewe. Hatua tatu. Moja. Wakafika bega kwa bega, na kwenye utepe Yustino akajitupa mzimamzima, kifua mbele, akaangukia kwenye tope.

Mwamuzi aliita namba. Yustino wa kumi na tano, mwekundu wa kumi na sita. Pointi ishirini na tisa kwa thelathini.

Niliruka kamba nikamkuta bado amelala, mdomo umejaa matope. Akafungua jicho moja.

"Nimekupita?" aliuliza.

"Umenipita, Yustino," nilimjibu, na machozi yalinitoka mbele ya umati wote ule.

Jioni wakatuita jukwaani. Nilivishwa medali. Kisha mkubwa mmoja akaleta kombe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshinda, akaninyooshea mimi. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Nikamtazama Kocha Margwe pale chini, nikiamini atapanda alipokee yeye, maana nani alistahili kuliko yeye? Alitikisa kichwa.

"Medali ya wa kwanza, kombe la wa nne," alisema, si kwa sauti kubwa, ila wote tulisikia. "Mpeni mwenyewe."

Yustino alilibeba kifuani tangu jukwaani mpaka Mbulu. Kwenye ndege walimwambia aliweke juu, akakataa. Na tulipofika nyumbani, kila aliyeniuliza nani alishinda nilimjibu kwa maneno ya kocha, mpaka yakazoeleka midomoni mwa watu, na leo mwalimu anawaambia ninyi mliofaulu vizuri, wakati wenzenu wanne wamebaki kurudia mtihani na hakuna kati yenu aliyekwenda kuwaona.

Sasa mmeelewa alikuwa anawaambia nini. Inukeni mwende kwao kabla jua halijazama. Medali ya wa kwanza, kombe la wa nne.