Chungu cha Nakiete

Aliyeitwa kwao hazuiwi kwa chungu. Mmeisikia leo msibani, wajukuu zangu, mkaniuliza chungu kimeingiaje kwenye maneno ya kifo. Kaeni basi. Chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji kimoja cha milimani, msichana aitwaye Nakiete alikuwa akimnywesha baba yake uji kila asubuhi. Aliuchuja, akaupoza, kisha akamwinua mzee kichwa na kumpa kidogo kidogo kwa kijiko cha mti. Asubuhi moja, kijiko kilipofika mdomoni, Mzee Senkondo aliuma meno. Nakiete akasubiri, akajaribu tena. Uji ukamwagika shingoni.

“Mwanangu,” mzee akasema, “naomba njia.”

Hayo yalikuwa maneno ya mgeni. Kijijini kwao mgeni hakuinuka tu akaenda zake. Aliomba njia kwa mwenyeji, na mwenyeji ambaye bado alimtaka alibandika chungu jikoni. Kuondoka ukiacha chungu cha mwenyeji motoni kulikuwa sawa na kukitemea mate chakula chake, kwa hiyo hata mwenye haraka alikaa mpaka kiepuliwe.

Nakiete alimwelewa baba yake mara moja, na ndiyo maana hakumjibu. Kwanza alikuwa mtu wa maneno machache. Hata sokoni alionyesha kwa kidole kitu alichotaka. Akaenda kwenye mafiga, yaliyokuwa mle mle ndani, mbele ya kitanda cha mzee, akabandika chungu cha makande. Mzee alikitazama, akashusha pumzi, akalala.

Chungu hakikuepuliwa tena. Maji yalipopungua, Nakiete aliongeza. Makande yalipokuwa rojo, aliyachota akawapa majirani, akatia mahindi na maharage mengine chungu kikiwa pale pale motoni. Mwanzoni watu walifanya mzaha, wakauliza kama yale maharage yaliokotwa mtoni pamoja na kokoto. Kisha wakasikia mzee anavyogumia, wakaacha kucheka.

Uvimbe wa tumboni ulikuwa umemkalia vibaya. Mganga alikuwa ameshafunga mkoba wake, akisema hana jani lililobaki. Mgongo ulianza kuchubuka kwa kulala. Hali, hanywi, wala hafi. Kila alipofumbua macho aliyaelekeza jikoni. Kaka yake Nakiete, Mbonea, aliyekuwa tambarare akichunga ng'ombe, alituma neno kwamba chungu kisiepuliwe mpaka yeye afike.

Siku moja shangazi Namkunda, dada yake mzee, alikuja kumwogesha ndugu yake. Alipomgeuza, ngozi ya mgongoni ilibaki kwenye nguo. Alimaliza kumwogesha, akamfunika.

“Nakiete, unampikia nani?”

“Baba, shangazi.”

“Baba yako hali.”

“Akipata nguvu atakula.”

“Njoo utazame mgongo huu, halafu unijibu tena.”

Nakiete alitazama.

“Kaka yangu ni mtu wa adabu,” shangazi akasema. “Tangu utoto hajawahi kukiacha chungu cha mtu motoni. Ataoza hapa akikungoja, na wewe utasema unampenda.”

“Nikiepua nitakuwa nimemuua.”

“Ukiepua utakuwa umeepua chungu. Ugonjwa hukuuleta wewe.”

Sauti nyembamba ikatoka kitandani. “Namkunda, usimgombeze mtoto. Mimi siumwi sana. Ni moshi tu unaniumiza macho.”

Nakiete aliyekuwa amestahimili maneno yote ya shangazi hakuyaweza hayo ya baba yake. Alijua anadanganya, na alijua anamdanganyia nani. Alichukua vipande viwili vya magome ya mgomba, akakishika chungu kikiwa kinatokota, akakiweka chini mbele ya kitanda ili mzee akione. Akaweka kiganja chake kifuani mwa baba yake.

Mzee alikitazama chungu, akamtazama yeye. “Ahsante, mama,” akasema. Akafariki alasiri ile ile.

Mbonea alifika siku ya maziko, kaburi limeshachimbwa. Hakusalimia. Alisimama mbele ya waombolezaji akauliza ni nani aliyeepua chungu. Wanawake wakainamisha vichwa. Shangazi Namkunda alikuwa anainuka ili ajitwishe lawama, lakini Nakiete akamtangulia kusimama.

“Ni mimi, kaka.”

“Nilikuagiza usiepue.”

“Uliagiza ukiwa mbali. Hukumsikia akilia.” Watu ambao hawakuwahi kumsikia akizungumza walisogea karibu. “Kile chungu sikukipika kwa ajili yake. Nilikipika kwa ajili yangu, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Kila siku alipoumia, mimi nilichochea moto. Kama unataka kunilaumu, nilaumu kwa siku hizo, usinilaumu kwa ile niliyomwacha aende. Baba alikuwa ameshaitwa, kaka. Aliyeitwa kwao hazuiwi kwa chungu.”