Mamba Waliolala Chini ya Ukingo wa Lukima

Sogeeni, wajukuu zangu, kisa kiko njiani kinakuja. Semeni: "Na kije, masikio yetu yako wazi!"

Zama hizo, zama za mbali, watu walipokuwa wachache na wanyama ndio wenye nchi, palikuwa na mto uitwao Lukima. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Jua likawaka, likawaka, likawaka, mpaka mto ukabaki mchanga mtupu na dimbwi moja la tope.

Viboko wakajazana dimbwini, mgongo kwa mgongo, wakiumana. Mnamjua kiboko nyie? Anaishi majini lakini haogelei. Hutembea chini kabisa, kama mimi ninavyotembea uani. Jua likimchoma hutoka jasho jekundu. Watu walidhani ni damu, kumbe ni dawa ya ngozi yake. Sasa maji ya kujificha hana, basi akawa anamfukuza kila apitaye. Nyegere naye akawa anaingia majumbani mchana kweupe. Huyo msimchezee! Ngozi yake imelegea; ukimkamata shingoni anageuka humo humo ndani ya ngozi, anakuuma mkono uliomshika.

Basi watu hawakutulia, mbwa hawakutulia, hata kuku walikula wakiangalia nyuma. Kila mnyama alionekana. Mamba tu ndio hawakuonekana.

Mtemi Kasogela akatangaza, "Mamba wamehama! Wamekwenda ziwani. Shukeni mtoni mkachimbe maji, msiogope."

Watu wakapiga vigelegele. Lakini Kalunde, msokota kamba za magome ya miti ya miombo, mke wa Mlekwa, hakupiga. Yeye alizunguka tu. Asubuhi ukingoni, mchana ukingoni, jioni ukingoni. Wifi yake Nyamizi, dada yake Mlekwa, akachoka.

"Kaa chini, wifi! Unatutia kizunguzungu."

"Nitakaaje? Nimeona alama za matumbo ya mamba mchangani. Zinapanda kuelekea ukingoni. Za kushuka sizioni."

"Haya, umeanza! Tangu uolewe kwetu hatujapumzika."

Hawakuwa wakipatana, hao wawili. Nyamizi akajitwika mtungi, akakata njia juu ya ukingo, kwa hasira, hatua nzito nzito. Mara ardhi ikasema *puu!* Vumbi likaruka. Nyamizi hayupo.

Kalunde akakimbia, akajilaza kifudifudi, akachungulia. Loo! Ndani ya ukingo palikuwa na pango, na humo pangoni mamba walilala, mmoja juu ya mwingine, kama kuni zilizopangwa. Hivyo ndivyo afanyavyo mamba mto ukikauka, wanangu: huingia shimoni, hukaa miezi hali kitu, hata kupumua kwake hukusikii. Na Nyamizi alikuwa katikati yao, mguu umebanwa chini ya tumbo la dume kubwa, pua ya dume imemkabili usoni.

"Wifi," akanong'ona. "Wifi, wananigusa."

"Usilie. Usisogee. Nipo."

Watu wakafika mbio. Mtemi akapaza sauti, "Leteni moto! Watieni moshi watoke!"

"Watatoka wapi, Mtemi?" Kalunde akamgeukia, macho makavu. "Mlango ni mmoja, na Nyamizi yuko katikati ya njia. Wakikurupuka wote watampitia juu."

"Basi tuwachome mikuki!"

"Utachoma mmoja. Wengine je?"

Ni nani angemjibu Kalunde hapo? Wewe ungemjibu?

Kalunde akajifunga kamba moja kiunoni, nyingine akaishika mkononi. Mlekwa akamshika bega. "Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Kwa dada yako. Shika kamba, na usiivute mpaka niseme."

Akateremka. Polepole. Guu hili, likatulia. Guu hili, likatulia. Harufu ya humo ilikuwa kama samaki aliyesahauliwa. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kazi. Dume likafumbua jicho moja. Likafungua kinywa, taratibu, meno yote nje. Kalunde akasimama. Akangoja. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni, asilifute. Akangoja mpaka likafumba kinywa, ndipo akakizungushia kamba: mara moja, mara mbili, mara tatu, akakaza.

Mnajua kwa nini aliweza? Mamba akiuma huvunja mfupa wa nyati, lakini nguvu hiyo yote ni ya kufumba. Ya kufumbua anayo kidogo mno. Baba yake Kalunde alikuwa mwindaji, naye alimfundisha hayo.

"Sasa wifi, vuta mguu."

"Hautoki!"

"Utatoka. Ukitoka ukavimba nitaukanda mimi. Vuta!"

Mguu ukachomoka. Kalunde akajifungua kamba ya kiunoni, akamfunga Nyamizi, akaita, "Vuteni!" Nyamizi akapanda juu. Na hapo, kabla kamba haijarudi, dume likapiga mkia, *chwaa!* Mkono wa kushoto wa Kalunde ukavunjika. Juu wakasikia mlio wa mfupa. Nani alijitupa kifudifudi ukingoni, akatumbukiza mikono mpaka kwapani, akamshika? Nyamizi, na mguu wake ule ule uliochubuka. Hakumwachia mpaka wote wawili walikuwa juu, wamekumbatiana.

Mvua ilikuja siku ya arobaini tangu hapo. Mto ukajaa, na asubuhi hiyo mamba wakatoka pangoni mmoja mmoja, wakateleza majini. Kamba ya dume ilikuwa imeoza, ikakatika. Watu wakasimama kutazama. Kisha wakarudi kulima, wakicheka. Kalunde akabaki ukingoni, mkono umekakamaa, na Nyamizi pembeni yake.

Mtemi Kasogela akaja mwenyewe, akauliza kwa adabu, "Mama, wamekwisha kutoka wote?"

"Sijui, Mtemi."

"Utajua lini?"

"Sitajua. Ndiyo maana nimesimama."

Mtemi akatazama maji. Akasogea nyuma hatua mbili.

Basi, wajukuu zangu, ukiambiwa mnyama wa hatari hayupo, uliza kwanza nani aliyekwenda kutazama. Na mwenye wasiwasi msimcheke. Msikilizeni kwanza, huenda ameona.

Kisa nimekitua. Atakayekibeba na akibebe, mimi mgongo unaniuma.