Nani Atamtoa Nje Mtoto wa Somoe

Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu, Binti Nyenje, tukiwa tunapukuchua mahindi, yeye upande ule wa mkeka, mimi upande huu. Nami nawapa nyinyi. Sogeeni. Mwanahawa, mwachie mwenzio hiyo kanga, inawatosha wote.

Kijiji cha Nambinda kilikuwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Nguwiko, mwindaji. Huyu alipewa jicho. Akishakiona kitu, mkono haukosei. Mguu mmoja ulikuwa unachechemea, lakini nani anapiga bunduki kwa mguu? Ndiye peke yake pale kijijini mwenye bunduki ya leseni.

Wa pili ni Tausi. Huyu alipewa mikono. Mumewe alikuwa dereva, akafariki, akamwachia Landrova kuukuu. Watu wakasema ataiuza. Hakuiuza, akajifunza kuiendesha mwenyewe. Gari lililowashinda wanaume kulitoa kwenye matope, Tausi atalibembeleza kama mbuzi mkaidi mpaka litoke.

Wa tatu ni Mbaruku, watu wakimwita Koplo, maana alikuwa polisi miaka mingi, akitunza ghala la silaha mpaka akastaafu. Huyu alipewa kumbukumbu. Sheria zote za bunduki alikuwa nazo kichwani kama mimi nilivyo na majina yenu. Na alikuwa anachosha, nisiwafiche. Ukinywa naye kahawa, atakwambia hata kikombe umekishika vibaya.

Sasa, palikuwa na mwanamke anaitwa Somoe, mke wa Chande, mimba yake ya miezi minane. Alikuwa shambani bondeni, analinda mpunga juu ya dungu. Dungu ni ile chanja inayoinuliwa juu ya nguzo, mtu anakaa huko kufukuza ndege. Asubuhi moja, jua halijapanda, akatokea nyati. Alikuwa amenaswa na waya wa majangili, akaukata, nao ukabaki mguuni unamla nyama. Nyati mwenye maumivu hana njia yake tena, kila anachokiona ni adui. Akamwona Somoe, akaja akasimama chini ya dungu, hakuondoka.

Watu wakapiga madebe, hakuondoka. Wakawasha moto pembeni, hakuondoka. Shemeji yake Somoe akajitia ushujaa, akaingia na mkuki. Akarudishwa kwenye machela, mbavu tatu zimevunjika. Na kibaya zaidi, nguzo moja ya dungu ilikuwa imeliwa na mchwa. Nyati akijikuna pale, dungu zima linayumba, na Somoe huko juu ameshika tumbo.

Askari wa wanyamapori walikuwa safarini, mwendo wa siku mbili. Chande akakimbilia kwa Nguwiko. Nguwiko akatoa bunduki, lakini risasi hana hata moja ya kupigia, zinanunuliwa mjini. Tausi akamwambia, "Basi hapo umeshika mwiko wa kusongea ugali. Panda twende." Mbaruku naye akapanda bila kuitwa, akisema wakienda wenyewe watafanya makosa.

Wakaenda mbio, wakafika mjini. Polisi wakaitazama leseni, wakaandika kibali cha risasi kumi, dukani wakanunua kumi. Nguwiko akaanza kuzitia mbili kwenye bunduki palepale, ili wakifika ashuke anapiga. Mbaruku akamshika mkono.

"Haziingii humo mpaka tufike," akasema. "Bunduki inakaa tupu. Risasi zinakaa nyuma, kwenye sanduku lenye kufuli. Ufunguo na kibali anavyo mwenye leseni, na mwenye leseni anakuwemo garini. Ndiyo sheria ya gari la mtu binafsi."

Sanduku lilikuwepo, la spana za Tausi. Kufuli hakuna. Mbaruku akashuka kwenda sokoni kutafuta kufuli.

"Koplo," Tausi akamwambia, "mwanamke mwenye mimba yuko juu ya mti unaoliwa na mchwa, wewe unaenda sokoni?"

"Naenda sokoni."

Akazunguka vibanda vinne, kile cha tano ndicho kilichokuwa nalo. Wakafunga, wakaondoka. Tausi hamsemeshi, Nguwiko hamtazami.

Hawajamaliza nyumba za mwisho za mji, Mbaruku akauliza, "Nguwiko, mfukoni mwa koti una nini?"

"Tumbaku."

"Na kwenye tumbaku?"

Nguwiko akaufunika mfuko kwa kiganja. Wawindaji wa kwao, wanangu, walikuwa na desturi. Kila mmoja anatembea na risasi moja kwenye kitambaa, ya marehemu baba yake au babu yake. Haipigwi. Ni ya kumlinda, akiiacha nyumbani anajiona yuko uchi. Na hiyo Nguwiko anayo miaka ishirini, hata haihesabu kuwa ni risasi.

"Kibali kinasema kumi," Mbaruku akasema. "Sisi tuna kumi na moja. Tausi, geuza gari."

Ugomvi ukawaka. Nguwiko akasema ile ni dawa, si risasi. Tausi akasema hageuzi, na kama Koplo anataka kurudi polisi, ana miguu miwili mizima. Mbaruku akashuka, akaenda akaketi barabarani mbele ya gurudumu, na kanzu yake nyeupe. Akawaambia wapite juu yake. Tausi alipiga honi mpaka watu wakatoka majumbani. Mwisho akageuza.

Polisi wakaitazama ile ya kumi na moja, wakaulizana, wakapigiana simu, wakaifuta kumi kwenye kibali wakaandika kumi na moja, wakagonga muhuri. Wenyewe wanatoka pale, adhuhuri imeshaadhiniwa.

Huku bondeni nguzo ikapasuka, dungu likainama upande mmoja. Somoe akajifunga kanga kwenye boriti ili asiteleze. Watu walio ng'ambo ya shamba wakaacha kupiga madebe, mikono imewafa.

Kati ya mji na Nambinda pana kizuizi cha polisi. Wakafika wakakuta mtu ameketi chini amefungwa pingu, gari lake pembeni. Alikutwa na risasi tatu chini ya kiti, leseni anayo lakini ameiacha nyumbani. Alikuwa pale tangu asubuhi.

Askari akauliza wamebeba nini. Nguwiko akafungua kinywa aseme mahindi, kwa woga tu. Tausi akamwahi.

"Tumebeba bunduki, afande, na risasi kumi na moja. Na tuna haraka kuliko watu wote uliowasimamisha leo."

Wakapekuliwa. Bunduki ikakutwa tupu. Nguwiko akafungua kufuli, zikahesabiwa mara mbili, kumi na moja. Kibali kikasomwa, kumi na moja. Askari akainua mti wa kizuizi, akawaambia pale darajani mbele maji yamepanda, warudi.

Wakarudi? Hawakurudi. Tausi akafika mtoni akakuta daraja limezama. Akavua viatu, akaingia mpaka kiunoni, akapapasa mawe kwa nyayo, akajua gurudumu lipite wapi. Akarudi, akawaambia wanaume wakae upande mmoja, wasipumue. Akatia gia ya kwanza. Maji yakaingia garini, yakafika kwenye viti, Mbaruku ameweka sanduku kichwani kama ndoo. Gari likakohoa katikati, likataka kuzima. Tausi akaliongelesha, maneno gani hakuna aliyeyasikia. Likatoka.

Wakafika bondeni alasiri. Dungu lilikuwa limeanguka muda si mrefu, kama muda wa kuchemsha chai. Somoe yuko chini ya makuti ya paa lake, mguu umebanwa na boriti, umevunjika kwenye kifundo, na nyati anayafumua yale makuti kwa pembe, kidogo kidogo, anatafuta.

Nguwiko akafungua kufuli. Ufunguo ulikataa mara mbili, ukaingia mara ya tatu. Akatia risasi. Kutoka pale alipo mpaka kwa nyati ni mbali, na kusogea zaidi hawezi, atasikika. Nyati na Somoe wako sehemu moja. Akikosea kwa shibiri, anampiga mama na aliye tumboni. Chande akaficha uso. Nguwiko akaketi chini, akaweka kiwiko juu ya goti la ule mguu mbovu, akangoja. Nyati akainua kichwa kupiga chafya. Nguwiko akafyatua mara moja. Nyati akapiga magoti, akalala.

Somoe akatolewa. Mwezi uliofuata akajifungua mtoto mzima, wa kike, analia kama amedhulumiwa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kwao, mtoto anakaa ndani siku arobaini. Siku ya kutolewa nje anabebwa na mtu mmoja tu, anavushwa kizingiti, anaonyeshwa jua. Huyo aliyembeba ndiye mzazi wake wa pili mpaka kufa. Atamwoza, atamzika, na tabia yake mtoto anaichukua. Hawawi wawili, wala hawapokezani.

Arobaini ikafika, watu wamejaa uwanjani. Chande akasema ni Nguwiko, maana wangefika wote na gari na sheria zao bila lile jicho, wangefika kutazama. Mama yake Somoe akasema hapana, ni Tausi, jicho lisingevuka mto, na pale kizuizini mwindaji alishaanza kusema mahindi. Shemeji mwenye mbavu akacheka akauliza, na Koplo? Mtu akamjibu Koplo aliwachelewesha, asingekaa barabarani kama mwali, dungu lingekutwa limesimama, na Somoe asingekuwa na ule mguu. Mwingine akasema, na asingekaa barabarani, wote watatu wangekuwa pale kizuizini na pingu, na leo tungekuwa tunasoma hitima, si arobaini.

Kelele zikawa nyingi. Mbaruku hakujitetea. Alisema neno moja tu, "Nilijua tunachelewa. Nilijua na kwa nini."

Somoe ametoka mpaka mlangoni, anachechemea, mtoto mikononi. Mbele yake wamesimama watatu. Nguwiko ameishika kofia, Tausi amefunga kanga mpya, Mbaruku ameikunja mikono nyuma kiaskari. Somoe akautazama mguu wake. Akamtazama mtoto. Akanyoosha mikono, amkabidhi.

Wewe ungekuwa Somoe, ungemkabidhi nani?

Mimi sisemi. Salumu, wewe usinong'one, na kila mtu alale na jibu lake. Zimeni koroboi, jifunikeni vizuri. Muda wa kulala umefika.