Moshi wa Bwana Mahfudhi

Bwana Mahfudhi alijenga tanuri la chokaa upande unakotoka upepo, na moshi wote ukawashukia watu wa Mwangoni. Watoto walikohoa mpaka wakatapika. Wanakijiji walipomwomba alirefushe bomba la moshi la tanuri, alidai mbuzi mmoja kila nyumba.

"Kwa nini tulipe sisi?" aliuliza Bi Mwanasha, mjane asiyeishiwa maneno.

"Kwa sababu moshi ukishatoka bombani si wangu tena. Ni wenu nyie mnaouvuta."

"Wetu kabisa? Tuufanye tutakavyo?"

"Hata mkitaka kuupika, upikeni!" Wapambe wake wakaangua kicheko.

"Na ule ambao haujatoka?"

"Huo ni wangu, mama. Umeridhika?"

"Nimeridhika, bwana mkubwa. Na hawa wote wamesikia."

Tanuri likishawashwa halizimwi. Likizimika, chokaa yote ni hasara. Siku lilipowashwa, vijana walipanda wakaliziba bomba kwa udongo mbichi. Moshi ukarudi ndani, moto ukaanza kufifia, na Bwana Mahfudhi akatoka mbio kwenye banda la tanuri, kanzu nyeusi kwa masizi kama sufuria.

"Zibueni! Mali yangu inateketea!"

"Moshi wetu leo hatuupokei," alisema Bi Mwanasha. "Huo wa ndani ni wako, bwana. Vuta taratibu."

Hawakuzibua mpaka alipoapa mbele ya kijiji kizima kulirefusha bomba kwa mali yake mwenyewe.