Kwa Nini Mchezo wa Kanga Hauchezwi na Watu wa Nyumba Moja

Mchezo wa kanga, huu wa ubao na mbegu za mbono, zamani haukuwako. Ulitengenezwa na mikono ya mwanamke mmoja wa Irindi, naye aliutengeneza kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kusema.

Irindi ni kijiji cha mlimani. Maji ya mfereji hukusanywa katika bwawa la udongo ambalo wenyeji huliita ndiva, kisha hufunguliwa yateremke mashambani. Ukaja mwaka mvua zikagoma. Watu wa mtaa wa Juu wakaiziba ndiva ili mahindi yao yasikauke. Watu wa Chini wakapanda na majembe kuizibua. Vurumai ikazuka, na katika vurumai hiyo Kazeni wa Chini akamvunja mkono Mbonea wa Juu kwa mpini wa jembe. Wawili hao walikuwa wametiwa jandoni siku moja. Toka hapo salamu zikakatika. Wa Juu akifiwa, wa Chini alisikia kilio akaendelea kupalilia.

Palibaki mahali pamoja tu pa kukutana, nao ni ua wa Bibi Nakijwa, uliokuwa kati ya Juu na Chini. Nakijwa ndiye aliyekuwa akiwahadithia watoto habari za kanga, ndege yule mwenye madoadoa, aliyevusha vifaranga vyake kutoka mtoni hadi kiotani huku kicheche akimvizia katika kila kichaka. Watoto wa pande zote walimjia jioni wakati viazi vikichemka, na wazazi walifumba macho, kwa sababu hata wao hadithi ile waliipata kwake.

Halafu ugonjwa wa koo ukamshika Nakijwa. Alipona, lakini sauti haikurudi. Watoto walikuja, wakakaa, wakamtazama akihangaika kutoa neno; baada ya siku chache wakaacha kuja. Muda si mrefu akawaona wakirushiana mawe juu ya mfereji, huku wakitukanana matusi ya baba zao.

Nakijwa hakuwa mtu wa kulilia kilichokwisha kuondoka. Aling'oa ubao wa mlango wa ghala lake, akatoa patasi ya marehemu mumewe, akaketi juani. Akachimba vishimo vilivyopinda kama njia ya mtoni. Hapa akachora mwiba, pale jiwe, pale shimo la kicheche, na mwisho kabisa kiota. Mbegu za mbono zikawa vifaranga, kijiwe cheusi kikawa kicheche. Akapasua mwanzi kuwa vipande vya kurusha, ili namna vitakavyoanguka ndiyo iamue hatua.

Wa kwanza kuvutwa na ubao ule alikuwa Nankondo, binti wa Mbonea. Alikuja na mdogo wake, wakataka kucheza wao kwa wao. Nakijwa akatikisa kichwa, akakifumbata kijiwe cheusi, akaonyesha kidole upande wa Chini. Nankondo akanuna, akaondoka. Kesho yake akarudi, na safari hii alimwita kwa mbali Mbazi, mwana wa Kazeni, aliyekuwa akichunga mbuzi. Mbazi akasogea kwa wasiwasi. Walipofika penye mwiba Nankondo akasema kwa sauti, "Hapa kanga alisema, inameni wanangu." Mbazi akadakia, "Na kicheche akacheka." Nakijwa akageuza uso wasione machozi yake.

Mbonea akawakuta. Aliubeba ubao kwa mkono wake mzima.

"Baba, ngoja kidogo," Nankondo akamsihi. "Vifaranga havijafika."

"Shikamoo, baba," Mbazi akasema, akisimama.

Mbonea akageuka. Kisha, kwa kuwa salamu ya mtoto haiachwi hewani, akajibu kwa shida, "Marahaba." Lakini ubao akaenda nao.

Siku ya pili Nakijwa alipanda hadi kwa Mbonea, akaketi kizingitini mchana kweupe, mbele ya mkewe na majirani. Mbonea akaona haya. Bibi huyu ndiye aliyempokea siku alipozaliwa. Akautoa ubao, akamwekea miguuni.

Nakijwa hakuuchukua. Alipanga mbegu, akamtia Mbonea kijiwe cheusi kiganjani.

"Nicheze na nani, bibi? Na wewe?"

Nakijwa akainuka. Aliteremka taratibu, akachelewa, na aliporudi alikuwa amemshika Kazeni mkono kama mtu anavyomshika mtoto asipotee. Kazeni alikuja kichwa kimeinama. Angeweza kujichomoa, lakini nani angejichomoa mkononi mwa Nakijwa?

Walicheza bila kutazamana. Mwanzi ulirushwa, mbegu zikasogea. Walipofika penye jiwe, Mbonea akanong'ona, kana kwamba anajisemea, "Hapa mama kanga alitangulia kuvuka."

"Hakutangulia," Kazeni akasema. "Alisikiliza kwanza."

"Alitangulia!"

"Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakamgeukia Nakijwa. Naye akaweka kiganja nyuma ya sikio. Alisikiliza kwanza. Mbonea akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mke wake, aliyesimama mlangoni, alisahau chungu jikoni mpaka maharage yakaungua.

Kicheche hakupata kitu siku ile. Vifaranga vyote viliingia kiotani. Kazeni alisimama, akasitasita.

"Mkono unaendeleaje?"

"Baridi ikizidi unauma," Mbonea akajibu. Kisha akasema, "Keti. Maharage yameungua, lakini yapo."

Kabla ya mwezi kuandama, wazee wa pande mbili walikaa ukingoni mwa ndiva wakagawana zamu za maji. Nakijwa alikuwapo. Hakusema neno, na hakuna aliyesema kabla ya kumtazama.

Na tangu siku hiyo, mchezo wa kanga hauchezwi na watu wa nyumba moja. Anayeutaka hubeba ubao akaenda kubisha kwa wengine. Ndiyo maana leo ukipishana na mtu wa Irindi mwenye ubao kwapani, humwulizi anakwenda kumshinda nani. Unampisha njia, kwa kuwa huenda anakwenda kwa mtu ambaye hawajasemezana tangu masika.