Msingi wa Upande wa Mashariki

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa zamani aliishi mwashi aitwaye Ghiyathi pamoja na Bi Lubaba, mkewe kwa miaka saba, katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe. Siku moja kikongwe mwaminifu akashuhudia kwamba aliwanyonyesha wote wawili utotoni. Ndoa ikabatilika palepale. Kumbe hawakuwa mume na mke, bali ndugu wa kunyonya. Ikabaki nyumba ya kugawana.

Kadhi akahukumu: "Ghiyathi agawe, Lubaba achague kwanza."

Hapo shetani akapata mwanya. Ghiyathi alijua kwamba upande wa mashariki, wenye ukumbi mpana na kisima, msingi wake ulikaa juu ya kifusi, maana aliuharakisha ili wahamie kabla ya Ramadhani. Upande wa magharibi ulikuwa vyumba viwili vya giza tu, lakini chini yake palikuwa mwamba. Akagawa hivyo, akanyamaza. Lubaba akachagua mashariki.

Tangu siku hiyo hofu ikamkaa Ghiyathi mwilini. Mawingu yakitanda, anautazama ukuta wa mashariki. Akisujudu, anasikia ukuta ukiporomoka. Alimwogopa Mola wake na aliwaogopa watu, na kusema kweli ni hofu ya watu iliyomfunga mdomo. Siku ya tano mvua ya kwanza ikanyesha adhuhuri, na ufa ukatokea pembeni mwa ukuta. Hakungoja hata kuvaa viatu, akakimbilia upande wa Lubaba.

"Toka, dada yangu," alisema. "Msingi huu ni mbovu. Nilijua, nikakuficha."

Lubaba akatoka na mkeka wake, bila haraka. "Kifusi nilikibeba mimi kichwani, kaka. Nilijua hata tulipokuwa mbele ya kadhi."

"Basi mbona ulichagua?"

"Ningesema pale, ungeaibika mbele ya watu na usingetubu. Siku zote hizi nimelala uani. Na kila nikisujudu nimemwomba Mwenyezi Mungu ulimi wako uutangulie ukuta huu."

Ghiyathi akaketi matopeni akalia. Kabla ya alasiri ukuta ukaanguka, na hakuna aliyeumia. Wakarudi kwa kadhi, na Ghiyathi akakiri kosa lake hadharani. Vile vyumba viwili vya giza wakagawana kimoja kimoja.

Ndugu zangu katika imani, yule tunayemdhulumu kwa siri huenda anajua kila kitu, na bado anatuombea dua. Ole wetu siku atakapochoka.