Kwa Nini Kitsakani Tunaombea Maiti Juani

Nyinyi mnaocheka kwamba kanisa letu limeachiwa mbuzi, chekeni mkimaliza kusikiliza. Habari yenyewe ni ya aibu, nami naisimulia kwa sababu ni yetu.

Zamani kanisa hilo la Kimethodisti lilijaa kila Jumapili. Wazee wetu walilijenga kwa mawe ya mtoni, na aliyebeba mengi kuliko wanaume wote alikuwa mjane mmoja, Mbeyu. Mumewe alimwachia minazi tu, basi akawa anauza mnazi, pombe ya minazi hiyo, apate kumlea bintiye, Nyevu.

Waumini walikuwa wameapa kutogusa pombe. Jumapili waliilaani, na jioni nyingine zote walikuwa kwa Mbeyu. Kama ilivyo desturi yetu, kila mnywaji alikuwa na mrija wake, ameufunga uzi wa rangi yake, na akiondoka aliuchomeka kwenye makuti ya paa aukute kesho. Mtu akilitazama paa lile aliwajua wazee wa kanisa mmoja mmoja.

Mbeyu alipofariki, Nyevu alimwendea Mzee Tsuma, msimamizi wa kanisa, akaomba mamake aingizwe aombewe, kwani ndilo aliloliwazia hadi mwisho. Mzee alikataa. Alisema jeneza la muuza mnazi lingeinajisi nyumba ya Mungu.

"Mawe aliyobeba yamo ukutani, baba. Nayo mtayatoa?"

"Mawe hayakuuza mnazi," akajibu.

Nyevu akamzika mamake nyuma ya nyumba, yeye na majirani wanawake wachache, bila wimbo wa kanisa. Alilia kwa uchungu, kisha akapanda paani.

Jumapili waumini walikuta mirija kwenye mabenchi. Kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukaa, na kila mrija ulilala mahali pa mwenyewe. Kwa Mzee Tsuma palikuwa na miwili, wa kila siku na wa sikukuu. Nyani haoni kundule, lakini siku ile walionyeshwa. Hakuna aliyethubutu kuuokota wake, na bila kuuokota hakuweza kukaa. Wakatoka mmoja mmoja, hata mke hakumtazama mumewe.

Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kitsakani aliyekaa humo tena. Maiti wetu, awe mlevi au mhubiri, tunamwombea kaburini, jua likituchoma, na hatuulizi aliishije. Kila mchungaji mgeni hushangaa mbona tunaungua na kivuli cha kanisa kipo.